Binti anayefuata tahasusi ya marafiki

Dada, umesema binti yako ana B za Kemia na Biolojia na C ya Fizikia, alitaka udaktari, sasa anang'ang'ania tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano na sita) ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, kwa kuwa marafiki zake wawili wa chanda na pete wamejaza hiyo.

Usiwaseme hao marafiki. Ukiwagusa tu, atawatetea, na habari ya masomo itaishia hapo. Muulize hivi, mkiwa wawili jikoni: "Wenzako wakipangiwa Tabora na wewe Iringa, bado utaisoma HGL?" Swali si la kutunga, maana wanaopanga shule ni TAMISEMI, ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kujaza tahasusi moja hakuwahakikishii bweni moja. Mwache akae nalo siku mbili, usidai jibu papo hapo.

Kisha fungueni pamoja mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, asome mwenyewe: udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita. HGL haina hata moja. Akiamua PCB, yaani hayo masomo matatu ya udaktari, abadilishe kwenye Selform, mfumo wa mtandaoni wa kuchagua tahasusi, kabla dirisha halijafungwa. Namba ya mtihani iwe karibu. Na akiipenda HGL kwa sababu zake mwenyewe, mwache.