Spika Moja, Watumiaji Wengi: Maswali Yenu ya Sauti Kwenye Linux

Fundi, shikamoo. Saluni yetu ipo Majengo. Tuna kompyuta moja ya Ubuntu na spika kubwa, kila kinyozi ana akaunti yake. Nikiingia mimi, muziki wa mwenzangu unakata. Kadi ya sauti imekufa?

Marahaba. Kadi ni nzima. Kwenye Linux kila mtumiaji ana seva yake ya sauti, PulseAudio au PipeWire, na mfumo humkabidhi kadi yule aliyeko kwenye skrini wakati huo. Mkibadilishana akaunti, wa kwanza ananyang'anywa.

Teueni mmoja awe mwenye spika, wengine wapitie kwake. Yeye aandike kwenye akaunti yake:

`pactl load-module module-native-protocol-tcp listen=127.0.0.1 auth-anonymous=1`

Hapo 127.0.0.1 ni kompyuta yenyewe, na `auth-anonymous=1` ni kuruhusu bila nywila. Amri hiyo hufutika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo aiweke kwenye programu zinazojiwasha akiingia. Kisha kila mmoja wa wale wengine, si mwenye spika, kwenye faili la `~/.config/pulse/client.conf`, aongeze mstari `default-server = tcp:127.0.0.1`. Mwenye spika peke yake aingizwe kwenye kundi la audio (`sudo usermod -aG audio` na jina lake), atoke na kuingia upya, ili asinyang'anywe kadi mwingine akishika skrini. Msijazane wote kwenye kundi hilo kama mnavyoshauriana mitandaoni. Mtarudi kugombania kadi ileile. Na asubuhi lazima mwenye spika aingie kwanza, la sivyo wote mtakaa kimya.

Nasoma UDOM. Naingia kwa SSH kwenye kompyuta ya maabara nikiwa hosteli. Nataka sauti ya kule isikike kwenye laptopu yangu.

Amri niliyompa kinyozi iandike kwenye laptopu yako, halafu ingia maabara hivi: `ssh -R 24713:localhost:4713` ikifuatwa na jina lako na anwani ya kule. Ukishaingia, andika `export PULSE_SERVER=tcp:localhost:24713`, kisha cheza faili lolote. PipeWire nayo inaielewa lugha hii ya PulseAudio, kwa hiyo usihangaike kujua ipi iko wapi.

Sasa nisikilize vizuri. Mlango (port) huo wa sauti haubagui spika na maikrofoni. Anayeweza kukupigia wimbo anaweza pia kurekodi chumba chako, na mlango 24713 ulioufungua kule unaonekana na kila mwanafunzi aliyeingia kwenye mashine hiyohiyo. Ukimaliza, funga SSH. Na ukiona mtu anakufundisha kuweka `auth-anonymous=1` bila `listen=127.0.0.1`, mkimbie: hapo umewafungulia wote walio kwenye Wi-Fi ya hosteli.

Jambo la pili ni bando. Sauti inayopita njia hii haibanwi. Kwa ubora wa CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, kushoto na kulia, ni kilobaiti 176 kila sekunde, sawa na MB 635 kwa saa. Wimbo uleule ukiwa MP3 ya kilobiti 128 unakula kama MB 58 kwa saa. Kama intaneti yako ni ya kununua kwa vocha, nakili faili ulichezee kwako.

Nina mgahawa karibu na stendi ya Nanenane, naishi Kisasa. Nataka kubadilisha nyimbo nikiwa nyumbani, na wahudumu nao wachague, ila wasiguse sauti.

Wewe huhitaji kusafirisha sauti, unahitaji kusafirisha amri tu. Weka MPD, programu ya kupiga muziki inayoamrishwa kutoka mbali, kwenye kompyuta ya mgahawa. Muziki unapigwa palepale, simu inatuma maneno machache ya kucheza, kuruka au kusimamisha, bando halitahisi. Kwenye `/etc/mpd.conf` unagawa ruhusa kwa nywila: wahudumu wape `read` na `add`, waongeze nyimbo kwenye foleni bila kusimamisha wala kupandisha sauti. Wewe jiwekee na `control` na `admin`. Angalia na `default_permissions`: ukishaweka nywila, usipoigusa, asiye na nywila hana ruhusa yoyote, kwa hiyo usiiandikie ruhusa zote, kazi yako ikawa bure. Mlango wake ni 6600. Usiufungue kwenye intaneti; ukiwa Kisasa ingia kwa WireGuard, yaani njia ya faragha (VPN) kati ya simu yako na mgahawa.

Kanisa letu liko Kongwa. Waumini wanaokosa nafasi wanakaa chumba cha pili. Tumeambiwa Snapcast, programu ya kupiga sauti moja kwenye vyumba vingi, itawafikishia mahubiri.

Itawafikishia, lakini kwa kuchelewa. Kwa kawaida Snapcast huweka akiba ya sekunde nzima ili spika zote ziende pamoja. Kwa muziki wa vyumba vitatu ni nzuri sana. Kwa mhubiri anayesikika pia kupitia dirishani ni karaha: kila neno mtalisikia mara mbili. Nunueni waya mrefu wa maikrofoni, mpitishe ukutani.

Naingia Linux ya ofisini nikiwa mbali kwa xrdp, inayoniletea skrini ya kule, picha safi, sauti hamna.

Sauti ya xrdp inahitaji moduli yake. Kama `pactl info` inataja PipeWire, weka pipewire-module-xrdp. Kama ni PulseAudio tupu, weka pulseaudio-module-xrdp. Kisha toka kabisa, si kufunga dirisha, uingie upya.