Ndege wa msimu hawataki bwawa, wanataka tope

Mkuu umesema umevuna mpunga, ukajaza maji majaruba yote ili ndege wanaohama kila msimu watue, wiki tatu zimepita na umepata bata wanne tu, unauliza umekosea wapi. Pole, hata mi mwaka wa kwanza nilijaza maji mpaka magotini nikajua nimewakaribisha kumbe nimewafungia mlango.

Hebu angalia miguu ya kitwitwi, wale ndege wadogo wa matopeni, ilivyo mifupi. Hao wadogo wanataka maji yasiyozidi kama sentimita 5, wanadunga mdomo kwenye tope wanatoa minyoo. Bata wale wanaoinamisha kichwa mkia juu wanaweza mpaka sentimita 20 au 25 hivi, zaidi ya hapo mdomo haufiki chini, wanaelea tu afu wanaondoka. Kwa hiyo usiweke kina kimoja shamba zima.

Afu kutoa maji, hapa ndo wengi tunaharibu. Kuna mwaka niliyafungulia yote usiku mmoja, asubuhi ndege wamejaa nikafurahi, siku ya tatu tope limepasuka na hakuna hata mmoja. Siku hizi nashusha vidole viwili, nasubiri, nashusha tena, kila siku linaibuka tope jipya na wao wanalifuata nyuma nyuma.

Mabua usichome, na kutifua usikimbilie. Punje zilizodondoka ndo chakula cha bata na mabata bukini, na hawa wanaosafiri usiwachukulie poa, wapo wa matopeni ambao kabla ya kuruka uzito unakaribia kuwa mara mbili, yote mafuta ya safari. Na we unafaidi, kule California, Marekani, sheria ya 1991 ilipoanza kubana uchomaji wa mabua ya mpunga, wakulima wengi wakawa wanayalowesha msimu wa baridi ili yaoze, ndege wakaja wakawa wanayakanyaga na kuyachambua, yakaoza haraka zaidi. 2014 ukaanza na mpango unaitwa BirdReturns, mkulima analipwa aweke maji kwa wiki chache zile ndege wanapopita, sio mwaka mzima, maana maji yenyewe ni ya kugombania.

Na mbwa mfunge bana, kila akiwarusha wanaunguza mafuta waliyohangaika kuyatafuta.

Leo chukua kijiti, pima kina katikati na pembeni, uje utuambie umepata ngapi.