Mate yangu yanaweza kumtambua babu aliyepelekwa Ujerumani?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 47, kwetu Old Moshi. Baba wa babu yangu mzaa baba aliuawa na Wajerumani wakati wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, na tumekua tukiambiwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Marehemu baba alituusia tusichoke kumtafuta. Nasikia kuna familia za huku zilizopata mafuvu ya wazee wao kwa vipimo vya vinasaba. Je, mate yangu yanafaa? Na kama kipimo ni cha kweli, mbona fuvu la Mangi mwenyewe halijapatikana?
Kitukuu wa kike, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya maabara miaka 23, na hilo la "mate ya nani" watu wengi hulikumbuka wazee wenye jibu wakiwa wameshazikwa. Afadhali wewe umeuliza mapema.

Ulichosikia ni kweli. Septemba 2023 Stiftung Preußischer Kulturbesitz, taasisi ya Berlin inayoyatunza mafuvu hayo, ilitangaza kwamba kati ya manane yaliyopimwa, matatu yamepatiwa jamaa walio hai Tanzania. Moja lilioana kabisa, mawili karibu kabisa.

Sasa mate yako. Vinasaba vya baba wa babu unavyo, kama sehemu moja ya nane. Lakini katika mfupa wa zaidi ya miaka 100 vinasaba huwa vimekatikakatika, kwa hiyo tunatafuta vile vinavyopita kizazi hadi kizazi karibu bila kubadilika. Kimoja ni kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume tu. Wewe huna. Mlete kaka yako, baba mdogo, au mtoto wa kiume wa baba mdogo.

Hata hivyo, Y hutaja ukoo, haitaji mtu. Mtu na kaka yake, na baba yao, wote wanayo ileile. Lile fuvu lililooana kabisa lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na Akida alikuwa mshauri wa Mangi Meli. Maandishi yalitangulia, mate yakathibitisha.

Njia ya pili ni ya mama, nayo ndiyo naipenda zaidi. Vinasaba vya mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyoipa nguvu, viko nakala mamia ndani ya seli moja, kwa hiyo hudumu mfupani hata vingine vikishaharibika. Babu yenu aliyeuawa alivipata kwa mama yake, ila hakuwarithisha wanawe. Dada zake ndio waliowapa watoto wao, na binti zao wakaendeleza. Basi mtafuteni dada yake. Aliolewa wapi, Kibosho au Marangu? Binti ya binti yake yuko hai? Hapa ndipo koo zetu zinaponiumiza. Kijana anakutajia mababu saba wa kiume bila kukwama. Muulize dada yao aliolewa kwa nani, kimya.

Kuhusu Mangi Meli, aliyenyongwa 2 Machi 1900, mjukuu wake Mzee Isaria Meli alitoa mate yake. Kipimo hulinganisha kile tu kilicholetwa mezani. Fuvu kama halimo kati ya yaliyopimwa, mate ya mjukuu hayana cha kuoana nacho. Kule Shakahola, Kenya, ambako waumini wa mhubiri mmoja walifunga msituni hadi kufa, taabu ilikuwa upande wa pili: miili ipo, jamaa wa kulinganisha nao hawapo. Makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023, ndugu wakaanza kukabidhiwa miili Machi 2024, na miili mingi ilibaki mochwari Malindi. Kuna familia zilizoingia msituni baba, mama na watoto. Hapo unamlinganisha mtoto na nani?

Siku ya kutoa mate, msile wala kunywa chochote kwa nusu saa. Kijiti cha pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, kinaachwa kikauke, kisha kinatiwa kwenye bahasha ya kaki. Kamwe kisitiwe kwenye nailoni. Mwaka mmoja tuliletewa jino la kijana aliyeokotwa mtoni. Jino tulilisaga, ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, tukapata unga usiojaa kijiko cha chai. Vijiti vya mama yake vilikuwa vimefungwa kwenye nailoni huko vilikotoka, vimeota ukungu. Mama yule, magoti yakimuuma, alipanda basi saa tisa nzima kuja kutoa tena. Sijalisahau.

Maabara haitampima mtu aliyekwenda mwenyewe tu. Ombi lazima lipitie kwa wakili, daktari, ustawi wa jamii, polisi au mahakama. Lakini hilo si la wiki hii. Wiki hii nenda kwa mwanamke mzee kuliko wote katika ukoo wenu, na daftari mkononi, umuulize jina la dada yake huyo baba wa babu yako. Ukilipata, niandikie.