Mkutubi anajibu: kabla ya kufungua ukurasa, nani atajibu?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jinsi maktaba inavyoweza kuutumia mtandao ili wasomaji waulize na kuchangia, si kutazama tu. Nimechukua tano.

Tunataka kufungua Facebook, YouTube na WhatsApp za maktaba yetu ya wilaya. Tuanze na ipi?

Anzeni na mtu. Mkishampata, na saa zake za kujibu zikaandikwa kwenye ratiba ya zamu, fungueni namba moja ya WhatsApp ya maktaba. Wasomaji wenu wako huko tayari. Hayo mengine yasubiri, kwa sababu aliyeuliza Jumatatu akajibiwa Ijumaa harudi kuuliza.

Programu gani ya maktaba ni ya bure?

Koha. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na bado linakuja vilevile, bila hata kunieleza mna vitabu vingapi wala nani ataisimamia. Ilianza kazi Januari 2000 katika maktaba za Horowhenua, New Zealand, na jina lake ni neno la Kimaori, maana yake zawadi. Hata hivyo seva, umeme na fundi wa kuweka nakala rudufu havitolewi zawadi. Vitengeeni fedha kabla hamjaandika tena kwamba Koha imewashinda.

Tuwaruhusu wasomaji kuongeza maneno na maoni kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba? Mkuu wangu anaogopa matusi.

Waruhusuni. Katalogi zetu nyingi zinapanga mada kwa Kiingereza. Mfugaji anaandika "kuku wa kienyeji", anaambiwa hakuna, na kitabu kipo rafu ya pili kinakula vumbi. Msomaji mmoja akiyaongeza maneno hayo matatu kwenye rekodi, wote wanaokuja nyuma yake watakiona. Maktaba ya Ann Arbor, Michigan, iliwafungulia wasomaji mlango huo mwaka 2007. Australia wamekwenda mbali zaidi: tangu 2008 watu wa kawaida wanasahihisha maandishi ya magazeti ya zamani yaliyosomwa vibaya na kompyuta, na wameshapita mistari milioni 100. Hawalipwi chochote.

Kuhusu matusi, Koha inaweza kuyashikilia maoni mpaka mkutubi ayapitishe. Ni kazi ya dakika chache asubuhi. Hofu ya mkuu wako isiwanyime wasomaji wote sauti.

Je, tuonyeshe kila msomaji ameazima nini, ili wenzake wapate mapendekezo?

Hapana, kabisa. Anayesoma kuhusu talaka au VVU amewaamini. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, lakini hata bila sheria hili ni jambo la heshima. Mwacheni msomaji achague kumbukumbu zake zifutwe akisharudisha kitabu. Koha ina nafasi hiyo. Na hapo juu nilisema namba ya WhatsApp, sikusema kikundi: kwenye kikundi kila mwanachama anaziona namba za wenzake, na mabinti wa shule wamo humo.

Katalogi yetu iko mtandaoni mwaka wa tatu sasa. Mbona hawaitumii?

Pengine iliwahi kuwadanganya. Nikiwa kaunta, alikuja mwanafunzi wa uuguzi aliyepanda basi tangu alfajiri, simu mkononi, kwenye kioo kitabu chake kimeandikwa "kipo". Tulikitafuta rafuni, kwenye toroli, hadi kwenye boksi la vitabu vinavyosubiri kushonwa. Kilikuwa kimepotea siku nyingi na hakuna aliyeigusa rekodi. Alikaa kwenye benchi la mlangoni kusubiri basi la jioni, na kila nilipopita niliinamisha macho.

Kwa hiyo kagueni rafu zenu kitabu kwa kitabu, hata kama ni kufunga wiki nzima, na kila kisichoonekana kiondoeni kwenye katalogi siku hiyohiyo. Kisha kando ya kila rekodi wekeni ile namba ya maktaba, msomaji aulize kabla hajalipa nauli. Swali likiingia, mkutubi aende rafuni, akishike kitabu mkononi, ndipo aandike: "Kipo, nimekuwekea hadi Jumamosi."