Mbwa aliyepotea akiingia kwako usiku: arudishwe saa hiyohiyo au asubiri kukuche?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Goba, Dar es Salaam. Usiku wa Jumamosi iliyopita, mnamo saa tano na nusu, mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia aliingia uani kwangu wakati mlinzi alipofungua geti. Alikuwa amevaa mkanda wa ngozi wenye kibati cha namba ya simu, lakini tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimefutika. Nilimfungia stoo, nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Saa saba usiku alinipigia mtu nisiyemjua, akasema mbwa ni wake na akanitaka nimpelekee Salasala usiku uleule kwa sababu watoto wake hawajalala. Nilikataa. Asubuhi alikuja, mbwa akamrukia kwa furaha, nami nikamkabidhi. Majirani wengine wananiona mkatili, na wengine wanasema ningemwachia tu mbwa aende zake. Kitaalamu nilitakiwa kufanya nini? Na je, kama alikuwa na chipu chini ya ngozi, simu yangu ingeweza kuisoma?

JIBU: Ndugu msomaji, kukataa kumsafirisha mbwa usiku wa manane ulikuwa uamuzi sahihi, na mimi kama daktari wa mifugo ningekushauri vivyo hivyo. Usiku ni wakati wa kutafuta taarifa za mwenye mbwa, lakini mbwa mwenyewe anaweza kusubiri kukuche bila madhara yoyote. Shaka yangu iko kwenye makabidhiano ya asubuhi, ambayo kwa maelezo yako yalitegemea furaha ya mbwa peke yake.

Nianze na hoja ya wale wanaosema ungemwachia aende zake, kwa sababu haikosi msingi. Katika mitaa yetu mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, na geti likiachwa wazi hata kwa dakika moja hutoka. Wengine wana wenyewe lakini huzurura kila siku na kurudi nyumbani bila kuongozwa na mtu. Mbwa anayepita kwa mwendo wa utulivu, anayejua anakoelekea na asiyekujali, mara nyingi hajapotea, na kumkamata ndiko kutakakompoteza. Aliyepotea huonekana kwa mambo mengine: anahangaika geti hadi geti, anaingia na kutoka barabarani kati ya magari, mkia ameufyata, anahema sana, pengine anaburuza kipande cha mnyororo, au nyayo zake zimechubuka kwa mwendo mrefu. Usiku wa fataki za mwaka mpya na usiku wa radi huwa na mbwa wengi wa namna hiyo, na dume hutoka mbali zaidi akifuata harufu ya jike aliye kwenye joto. Mbwa wa kwako alikuwa na mkanda na aliingia katika ua asioujua, kwa hiyo kumzuia kulikuwa na sababu.

Hata hivyo, kabla ya mtu yeyote kumgusa mbwa wa aina hiyo, kuna swali la kichaa cha mbwa, ambalo majirani zako hawakuligusa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 1,500 kila mwaka nchini Tanzania, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Kinachopaswa kutuzindua ni kwamba kutoroka nyumbani na kutembea masafa marefu bila mwelekeo ni mojawapo ya dalili zake, kwa hiyo mbwa mgeni aliyejitokeza usiku anaweza kuwa amepotea kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Tazama mabadiliko ya tabia, kama mlinzi au mtu mwingine anamfahamu mbwa huyo: mpole amekuwa mkali, au mkali amekuwa mpole kupita kiasi na anataka kulamba kila mtu. Tazama pia mate yanayochuruzika, sauti iliyokwaruza, miguu ya nyuma inayoyumba, na tabia ya kung'ata mawe, vijiti au vyuma bila sababu. Kuna aina ya pili, ya kimya, ambayo mbwa hujificha gizani huku taya la chini likining'inia, na watu hudhani amekwamwa na mfupa kooni. Watu wenye huruma wameingiza mikono katika vinywa vya mbwa wa aina hii ili kuutoa mfupa ambao haukuwapo.

Wapo wanaompima mbwa kwa kumwekea maji, wakiamini kwamba akinywa basi ni mzima. Kipimo hicho hakifai kitu. Hofu ya maji ni dalili ya binadamu aliyepatwa na ugonjwa huu, ilhali mbwa mgonjwa anaweza kuyasogelea maji na hata kujaribu kuyanywa. Ukiziona dalili nilizozitaja, usijaribu kumfunga kamba. Waingize watu na wanyama wako ndani, funga geti ili abaki uani kama tayari ameingia, kisha umpigie mwenyekiti wa serikali ya mtaa au afisa mifugo wa kata.

Mbwa asiye na dalili hizo akamatwe bila papara. Usimwinamie, usimkazie macho, na usimshike mkanda kwa mkono mtupu, kwa sababu mbwa mwenye hofu huuma mkono unaotokea juu ya kichwa chake. Afadhali umvutie kwa kipande cha chakula hadi mahali panapofungika na penye hewa, kisha umfungie mlango. Ikilazimu kumwongoza, kanga au kitambaa kizito kilichosokotwa kuwa kitanzi kinafaa kuliko kamba nyembamba au waya, ambavyo humkaba na kumzidishia fujo. Stoo uliyoichagua inafaa mradi haina sumu ya panya, mafuta ya gari wala dawa za kunyunyizia mazao. Mpe maji na chakula kidogo, bila mifupa ya kuku iliyopikwa. Asikutane na mbwa wako mwenyewe usiku huo, kwa kuwa virusi vya parvo huenezwa na kinyesi na vinaweza kukaa ardhini kwa miezi mingi. Siku ya pili sakafu ioshwe kwa sabuni, kisha kwa jiki.

Sasa taarifa. Namba iliyopungukiwa tarakimu mbili ina uwezekano wa namba 100, na sikushauri kuwaamsha watu usiku kwa kubahatisha. Kama namba ingesomeka yote, ungeanza kwa kupiga, na asipopatikana ungetuma ujumbe mfupi unaosema mbwa yupo salama na atasubiri. Kumbuka pia kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine, hivyo anayepokea si lazima awe mwenye mbwa. Huduma za kutuma pesa kwa simu zinasaidia hapa: ukianza hatua za kutuma kiasi kidogo, jina la msajiliwa wa laini hutokea kabla ya kuthibitisha, nawe unasitisha muamala baada ya kulisoma. Jina hilo halithibitishi umiliki wa mbwa, lakini mtu aliyejitambulisha kwako kwa jina jingine kabisa ana maelezo ya kutoa.

Picha uliyoituma kwenye kundi la mtaa ndiyo iliyokunyima kipimo. Ukiwaonyesha watu mbwa mzima, mkanda wake na kibati chake, unakuwa umempa mdai yeyote majibu ya maswali ambayo ungemuuliza. Tuma picha ya uso au ya ubavu mmoja tu, taja eneo kwa ujumla, na ubaki na jambo moja au mawili ambayo ni mwenyewe tu anayeyajua: kovu, jino lililovunjika, rangi ya mkanda, dume aliyehasiwa au la. Anayedai aeleze hayo, aseme mbwa alitoka saa ngapi na kwa njia gani, na aonyeshe picha za zamani zilizomo kwenye simu yake. Mtu aliyeishi na mbwa kwa miaka hakosi picha hata moja ambayo mbwa amepita nyuma ya watoto.

Kuhusu furaha ya mbwa, inaonyesha kwamba anamjua mtu huyo, basi. Mbwa humfurahia mlinzi anayemlisha, kijana anayemwosha, jirani anayemrushia makombo, na mwenyewe wa awali aliyekwisha kumuuza. Kinyume chake pia hutokea: mbwa aliyetishika usiku kucha anaweza kumkodolea macho mwenyewe halisi kwa muda kabla ya kumtambua, hasa akimwona kupitia wavu au mwanga wa tochi. Ndiyo maana ushahidi wa kwanza ninaoutaka mimi ni kadi ya chanjo, yenye maelezo ya mbwa, tarehe, stika ya chupa ya chanjo na sahihi ya aliyemchanja.

Ama chipu, jibu ni hapana, simu yako isingeisoma. Chipu ya mnyama ina ukubwa wa punje ya mchele, huwekwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega, na haina betri. Hujibu inapopitishiwa kisomaji maalumu kinachotumia masafa ya kilohezi 134.2, ilhali simu zetu zenye uwezo wa kusoma kadi za kugusisha hutumia masafa mengine ya megahezi 13.56. Kwa sababu hiyohiyo chipu haiwezi kukuonyesha mbwa yuko wapi kwenye ramani, jambo ambalo wateja wengi hulidhania. Kisomaji nacho hakitoi jina la mtu, bali namba ya tarakimu 15. Tatu za kwanza ama ni namba ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni 834 na kwa Kenya ni 404, ama ni namba ya mtengenezaji, inayoanzia 900. Mwenyewe hupatikana iwapo tu namba hiyo iliandikishwa mahali fulani na mawasiliano yake hayajabadilika. Kwetu chipu hupatikana zaidi kwa mbwa walioletwa kutoka nje au wanaoandaliwa kusafirishwa, kwa kuwa nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, haziwapokei bila chipu. Kwa mbwa mwenye dalili za matunzo mazuri, inafaa kumpitisha asubuhi kwenye kliniki ya mifugo yenye kisomaji. Vibati vya kisasa vya shingoni vyenye mraba wa kupigwa picha ni jambo tofauti, na hivyo simu huvisoma.

Je, kuna hali ambayo mbwa arudishwe usiku huohuo? Ipo. Mwenyewe akiwa jirani unayemfahamu, au mbwa akiwa amegongwa na gari au anahitaji dawa kila siku, kusubiri hakuna maana. Hata hapo, mwenye mbwa ndiye aje, akiwa na kamba na kadi yake, na makabidhiano yafanyike getini penye taa mkiwa zaidi ya mmoja, au katika kituo cha polisi kilicho karibu. Kumbeba mbwa mgeni kwenye bodaboda ni hatari kwa watu wawili na mbwa mwenyewe. Katika gari ni afadhali, lakini mbwa mwenye hofu akianza kuhangaika nyuma ya dereva kwenye barabara isiyo na taa, nanyi hamjui hata jina la kumwita, msaada wake ni mdogo. Mwenye mbwa aliyeambiwa kwa simu kwamba mbwa yupo, amekula na amefungiwa, hana sababu ya kukutaka uvuke mitaa saa saba usiku. Kilio cha watoto kinaeleweka, ila baba yao alikuwa na miguu na usafiri kama wewe.

Wakati wa kukabidhi, andika jina, namba ya simu, mtaa na nyumba ya anayemchukua, mbele ya shahidi, na mjumbe wa shina anafaa sana. Sababu kubwa ni ya kitabibu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuwa na virusi katika mate siku chache kabla dalili hazijaonekana, na kwa hiyo mbwa aliyemuuma mtu huangaliwa kwa siku 10. Akibaki hai na mzima hadi siku hizo zimalizike, hakuwa akiambukiza siku aliyouma. Ukishamtoa kwa mtu asiye na anwani, kipimo hicho umekipoteza. Ikiwa wewe, mlinzi au mtoto wa nyumbani aliumwa, alikwaruzwa hadi damu ikatoka, au alilambwa kwenye kidonda, sehemu hiyo ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo, bila kusubiri siku 10 zipite. Kadi ya mbwa isimzuie mtu kwenda, kwa kuwa chanjo ya mbwa hurudiwa na tarehe iliyopitwa haimlindi mtu yeyote.

Zawadi ipokee ikitolewa kwa hiari, pamoja na gharama halisi ya chakula au matibabu, lakini usiifanye sharti la kumtoa mbwa. Mbwa wa kufugwa ni mali. Mtu anayemficha au kumuuza huku akijua mwenyewe yupo, au anaweza kupatikana kwa juhudi ya kawaida, anaweza kujikuta akijibu kosa la wizi chini ya Kanuni ya Adhabu.

Katika suala lako, mpigie leo mtu wa Salasala umwombe picha ya kadi ya chanjo na picha ya zamani ya mbwa, ukimweleza kwamba mlinzi wako alimgusa mbwa na ungependa kujua hali yake. Mwulize mlinzi bila kumtisha kama aliumwa au alilambwa penye mchubuko. Mpigie tena siku ya 10 tangu usiku ule na uulize kama mbwa anakula. Akikosekana kwenye simu, au akasema hana kadi wala picha, peleka namba yake na picha ya mbwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako na kwa afisa mifugo wa kata, kwa kuwa huenda mwenyewe halisi bado anamtafuta.