Nani anasimamia Energy Consumers Australia?

Ndugu, umeuliza iwapo makampuni ya umeme, kwa kuwa ndiyo yanayotoa fedha, hayawezi kuiamrisha Energy Consumers Australia, taasisi inayotetea watumiaji wa umeme na gesi nchini Australia. Hayawezi, na sababu imo katika muundo wake. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2015 kama kampuni isiyo na hisa, yenye ukomo wa dhamana (yaani mwanachama huwajibika kwa madeni yake hadi kiasi alichoahidi tu), na mwanachama wake ni mmoja tu, naye ni waziri wa nishati wa jimbo la Australia Kusini, kwa niaba ya serikali zote zilizokubaliana kuiunda. Fedha hukusanywa na mwendeshaji wa soko la nishati kupitia tozo ambayo mwishowe humfikia mlaji; kwa hiyo mstaafu wa Adelaide anapolipa bili yake, ndani yake kuna kiasi kidogo kinachogharimia utafiti na utetezi wake mwenyewe. Uamuzi wa ruzuku zinazotolewa kwa utafiti na utetezi huo umo mikononi mwa taasisi, chini ya bodi huru ya wakurugenzi, wala si mikononi mwa wauza umeme. Kwangu mimi, utengano huo kati ya mlipaji na mwamuzi ndio unaostahili kulindwa kuliko kitu kingine chochote.