"Popote, mama": binti yangu nimpeleke chuo gani hapa Mwanza?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mwaka wa kumi na mbili huu nauza dagaa mwaloni Kirumba. Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha nne na kupata daraja la tatu, pointi 23. Kiswahili B, Baiolojia, Jiografia na Uraia C, Kemia, Kiingereza na Historia D, Fizikia na Hisabati F. Wapo wanaoniambia nimshukuru Mungu, wapo wanaosema arudie mitihani. Mimi nataka aende chuo mwaka huu huu, kwa sababu msichana akikaa mwaka mzima hapa mwaloni hatoki tena. Nimewaona wengi.

Sitaki aende mbali na Mwanza. Nimebaki na vyuo vitatu. Cha kwanza ni cha afya, cha binafsi, jina lake nimekuandikia nyuma ya karatasi. Walipita mtaani kwetu na gari la matangazo, wakasema mwenye D nne anapokelewa na atasoma utabibu. Cha pili ni CBE, kile Chuo cha Elimu ya Biashara, maana binti wa jirani yuko pale na akitoka asubuhi anapendeza kweli kweli. Cha tatu ni kile cha uvuvi cha Nyegezi. Hicho alikitaja mwalimu wake wa Jiografia, nikacheka: nimtoe kwenye samaki, nimlipie ada, arudi kwenye samaki?

Shemeji yangu aliyeko Dar ameahidi nusu ya ada, ila anataka daktari wa ukoo. Binti mwenyewe nikimuuliza anajibu, "Popote, mama." Hana makuu. Hapa mwaloni kazi yake ni kushika daftari la madeni, na kubishana na wanunuzi wa Kongo kwa nini dagaa wetu wa chanja, wanaoanikwa juu ya vichanja, wasilipwe zaidi ya wale wanaoanikwa mchangani.

Nivilinganishe vipi vyuo hivi, Mwalimu? Kipi ni bora?

Mama wa Dagaa, Kirumba

*

Marahaba, mdogo wangu.

Lile karatasi la matokeo ulilokwisha kulikunja, likunjue tena, maana sehemu kubwa ya swali lako imejibiwa humo. Nimefundisha Baiolojia miaka thelathini na moja, na kila mwaka nilikutana na wazazi wanaosoma daraja na pointi halafu wanaacha safu ya masomo. Chuo kinasoma safu ya masomo.

Yule wa gari la matangazo alisema nusu ya ukweli. Ufaulu wa masomo manne, ukiondoa ya dini, ndio kizingiti cha jumla cha kuanza ngazi ya cheti, ile wanayoiita NTA ya 4. Lakini kila kozi ina masomo yake ya lazima. Utabibu unataka Kemia, Baiolojia na Fizikia. Uuguzi pia. Binti yako ana F ya Fizikia, kwa hiyo milango hiyo miwili imefungwa mpaka arudie somo hilo, na chuo kinachosema kitampokea hivyo hivyo aidha hakijasoma mwongozo au kinakusubiri ulipe kwanza. Ufamasia umebaki wazi, kwa kuwa unadai Kemia na Baiolojia, anazo zote mbili. Kama shemeji anaweza kukubali mfamasia wa ukoo, mazungumzo yaendelee.

Jina ulilolificha nyuma ya karatasi nimelisoma na silichapishi. Nitakusimulia langu badala yake. Mwaka 2011 nilimpeleka kifungua mimba wangu chuo kimoja cha hapa mjini, geti jipya, kompyuta zimepangwa mstari hadi dirishani. Mimi mwalimu, mwenye elimu yangu, nikauliza, "Mmesajiliwa?" Wakanionyesha cheti ukutani, kimewekewa fremu. Cheti kilikuwa cha kweli. Nilichoshindwa kuuliza ni kama kozi aliyokuwa anaisoma mwanangu ilikuwa imeruhusiwa. Miezi minane baadaye, ulipofika mtihani wa mwisho, ikagundulika kwamba kozi ile haimo kwenye orodha. Ada haikurudi. Kijana alikaa ndani wiki tatu hataki kuonana na mtu, na mimi nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisikutane na walimu wenzangu. Baadaye alikwenda VETA pale Nyakato, leo ni fundi wa majokofu na anawahudumia watu wa samaki huko huko kwenu Kirumba. Ila mwaka ule haukurudi.

Kwa hiyo, kabla hujauliza habari ya mabweni, mpe binti simu aingie kwenye tovuti ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi. Atafute vitu viwili: jina la chuo, kisha jina la kozi ndani ya chuo hicho hicho, na ngazi inakoishia. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha ngazi ya 4 na ya 5 tu, mtoto akafika hapo akaambiwa stashahada, yaani ngazi ya 6, aitafute kwingine. Kama ni shahada unayoiwazia baadaye, hizo ziko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Kitabu cha mwongozo wa udahili wa vyuo vya kati kipo kwenye tovuti hiyo ya NACTVET, bure. Usimlipe mtu wa steshenari akusomee.

Sasa twende Nyegezi, ulipocheka.

Kile ni kampasi ya FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi, na chuo chenyewe kimekuwepo pale tangu miaka ya 1960. Wewe ukisikia uvuvi unaona kokoro na karabai. Wanafundisha pia ufugaji wa samaki, usindikaji na udhibiti wa ubora. Nikukumbushe jambo ambalo wewe pengine ulikuwa bado kijana: mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa habari za watu wanaovua kwa sumu. Viwanda vya minofu hapa Mwanza vilitikisika, watu wakarudishwa nyumbani. Mlango ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa masharti: mialo isafishwe, maabara zipime, na awepo mtu mwenye koti jeupe anayejua kusema samaki huyu apite na huyu asipite. Kazi ya koti jeupe ilizaliwa hapo.

Sitakudanganya kwamba viwanda vinamsubiri. Sangara wamepungua, na viwanda vimepungua nao. Lakini tazama upande wa pili wa ziwa hilo hilo. Vizimba vya sato vimeongezeka. Januari 2024 Rais Samia alikuwa hapa Mwanza kukabidhi vizimba na boti za mkopo kwa wavuvi. Samaki wa kizimbani anataka mtu anayejua chakula, hewa ya maji na magonjwa. Huyo hafuati samaki, anawalea. Na dagaa wako je? Binti anabishana na Mkongo kuhusu chanja na mchanga. Mama, hebu jiulize nani alimfundisha hilo. Dagaa wa chanja hawana mchanga, hawaokoti uchafu wa chini, wanakauka juu na chini kwa pamoja, na wanakaa muda mrefu kabla ya kuharibika. Yeye amekwisha kuona kwamba kuna bei imejificha humo na hakuna anayeilipa. Hilo ni somo la udhibiti wa ubora, anakosa maneno yake tu. Nimefundisha watoto wengi wa C ya Baiolojia ambao hawakuwahi kugombana na mtu kwa ajili ya Baiolojia.

Ndiyo maana hilo "popote, mama" silipokei kama jibu. Mtoto wa kwetu akiulizwa na mzazi aliyechoka, ambaye ada itatoka mgongoni mwake, atajibu nini kingine? Hiyo ni adabu. Usimuulize tena anataka chuo gani. Mtume.

Mtume Jumanne, saa nne asubuhi. Isiwe siku ya maonyesho, isiwe Jumamosi, na usiende naye siku ya kwanza. Aende Nyegezi peke yake, kesho yake aende kile cha afya, kesho kutwa CBE. Asianzie ofisi ya udahili. Akae kwa mama lishe wa nje ya geti, anunue chai na chapati, awasikilize wanafunzi. Hapo ndipo utajua mwalimu wa somo fulani ameonekana mara ngapi muhula huu, fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, wanatafutiwa na chuo au kila mtu anahangaika na barua yake mkononi, na wangapi wana "supu", yaani mtihani wa kurudia, kwenye somo lile lile. Darasa zima likirudia mtihani wa somo moja, tatizo si darasa. Akitoka hapo aombe kuonyeshwa maabara, na aangalie kitu kimoja: vumbi. Darubini yenye vumbi ni pambo. Kwenye chuo cha famasia aulize mafunzo ya vitendo hufanyika hospitali ipi, na amuulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu, asimuulize msajili. Jioni akirudi usimhoji. Mpe dagaa achambue, mwache aongee mwenyewe. Chuo atakachokisimulia mpaka mboga iungue, kiandike.

CBE sina neno baya juu yake. Ni chuo cha umma cha siku nyingi, na kama ni biashara na uhasibu unalinganisha, basi weka kwenye mizani TIA, ile Taasisi ya Uhasibu, na IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, pia, zote zina kampasi Mwanza. Binti anaweza daftari, sikatai. Lakini ana F ya Hisabati, na sababu uliyonipa wewe ni kwamba binti wa jirani anapendeza asubuhi. Mshonee na wako.

Nije kwenye pesa, maana hapa ndipo wazazi wa mwaloni mnapoumia. Msilinganishe ada na ada. Andika mistari mingine chini yake: mitihani, kitambulisho, bima ya afya, koti la maabara, fildi, chakula, pango. Kisha daladala. Mwanachuo hana sare, konda anamtoza kama mtu mzima. Chukulia 600 kwa gari moja, na kutoka Kirumba mpaka Nyegezi abadilishe gari mara moja: kwenda na kurudi ni 2,400. Siku 22 za masomo ni 52,800 kwa mwezi, kabla hajanywa hata maji. Linganisha na geto la watu wawili huko Nyegezi au Malimbe, ambako wenye nyumba wamezoea wanafunzi. Huenda geto likawa nafuu, na huenda usilale usingizi. Hesabu zote mbili ni zako.

Na lipo jambo ambalo mhasibu wa chuo hawezi kulijua usipomwambia. Wewe pesa yako inafuata mwezi wa angani. Giza likiingia watu wanavua kwa taa, unauza. Mbalamwezi ikiwa kubwa nyavu zinaanikwa, unakula akiba. Chuo kinachodai nusu ya ada siku ya kuripoti, na nusu nyingine tarehe isiyosogea, kinaweza kukuangukia katikati ya mbalamwezi, ukakopa kwa riba ya wiki. Uliza kama wanapokea kwa awamu nne, na kama mtoto aliyebakiza kidogo anazuiwa mtihani. Mpate hilo kwa maandishi, kwenye fomu ya kujiunga, na ulipe kwa namba ya malipo ya chuo. Usimpe mtu fedha mkononi hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Mkopo pia usiudharau. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inakopesha hata wa stashahada, kwa fani zilizopewa kipaumbele: za afya zimo, za kilimo na mifugo zimo. Asome mwongozo wa mwaka huu aone kozi yake imeandikwa kwa jina. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema. Kila mwaka kuna mzazi ananiandikia akiwa analia kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa.

Umeniuliza kipi bora. Kwa binti huyu, mwenye safu hii ya matokeo na ugomvi huu na Wakongo, mimi ningeweka Nyegezi mbele, famasia ya pili, ila iwe kwenye chuo ambacho kozi yake imo kwenye orodha. Cha gari la matangazo hakijanishawishi. CBE ningeiacha ya tatu. Akirudi Alhamisi jioni akasema vingine, mfuate yeye, uniache mimi.

Shemeji usibishane naye kwenye simu. Piga picha karatasi la matokeo, zungushia Fizikia kwa kalamu nyekundu, mtumie. Halafu ngoja, wala usiandike kitu chini yake. Kama ahadi ya nusu ya ada ilikuwa ya mtoto, itakuja. Kama ilikuwa ya neno "daktari", ni afadhali ujue sasa, giza hili, kabla hujafunga gunia la kwanza la ada.